Mba Shavuni na Chupa ya Bibi

Wajukuu zangu wana meza nzima ya vikopo. Kuna cha asubuhi na cha jioni, kuna cha mashavu na cha visigino, na kimoja kidogo kabisa, ukubwa wa kifuniko cha chupa, ambacho naambiwa ni cha chini ya jicho tu, kisiguse pengine. Nikawauliza chini ya jicho kuna nini hata pakahitaji kikopo chake. Wakacheka, wakaniambia bibi wewe mambo ya ngozi huyaelewi. Nikanyamaza, maana wakati ule nilikuwa natafuta miwani yangu nayo nimeivaa, na mtu aliye katika hali hiyo habishani na watoto. Lakini neno lile likanikaa moyoni, ndiyo maana nimeshika kalamu. Kusoma kwangu ni kwa chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, na kuandika nimejifundisha ukubwani, kwa hiyo nikipinda njia mnivumilie, nitarudi. Mambo ya ngozi mimi nayaelewa. Ngozi nusura inivunjie harusi.

Nilikulia kijijini Wawi, kwa bibi mzaa mama, kwa sababu mama alifariki mimi bado natambaa. Bibi akiniita mke mwenziwe. Babu akija na embe moja, bibi husema, "Haya, leo kaletewa mke mdogo, mke mkubwa ale kokwa." Ndivyo tulivyoishi, kwa maneno hayo toka asubuhi mpaka usiku, na mtu asiyetujua angedhani nyumba ina ugomvi.

Bibi alikuwa na jiwe la liwa. Hilo jiwe, kwa asiyelijua, ni bapa na limeingia ndani katikati kwa kusagiwa miaka mingi. Unatia maji kidogo, au marashi kama upo uwezo, unasugua kijiti cha msandali mpaka unapata uji mweupe wa manukato, ndiyo liwa. Watoto wa jirani wote waliopatwa na harara walipita mbele ya jiwe lile. Harara ni vile vipele vya joto vinavyotoka shingoni na mgongoni wakati jua halina huruma. Bibi akimwosha mtoto maji ya baridi, akimpaka liwa nyepesi mpaka unaiona ngozi kwa chini, akimwacha uchi kivulini, na kumwambia mama yake, "Umemvisha mwanao kama anakwenda kuhiji. Mvue, apate upepo." Mpaka leo mie nawaambia hivyo hivyo hawa wenye watoto wachanga, wanaowafunika mablanketi joto la kaskazi limepamba moto.

Na upele wa vidoleni, ule unaowasha mtu hata akakosa usingizi, dawa yake ilikuwa kiberiti upele, lile jiwe la manjano linalouzwa dukani na linalonuka kama yai viza. Bibi akiliponda laini, akilichanganya na mafuta ya nazi, akiwapaka watu wote wa nyumba siku moja, mwenye upele na asiye nao, mpaka babu aliyekuwa akipiga kelele kwamba yeye ni mzima. Kisha kanga na shuka zote zinachemshwa na mikeka inaanikwa. Babu alikuwa akienda msikitini na harufu ile, na kila mtu safu ya mbele akajua nyumba ya nani ina upele. Chunusi nazo bibi alikataza kuziminya. Akisema ukiiminya moja itakwenda kuita ndugu zake. Magaga ya miguu aliyatia katika maji ya uvuguvugu, akayasugua kwa kigae cha chungu kilichovunjika, akapaka mafuta ya nazi. Na kwa kweli karibu kila kitu kwa bibi kilimalizikia katika mafuta ya nazi. Alikuwa nayo katika chupa ya kijani yenye kizibo cha gunzi, anayapika mwenyewe kwa tui, na ile chupa ilikaa karibu na mto wake kama vile wengine wanavyoweka msahafu. Ikumbukeni hiyo chupa.

Sasa nije kwangu. Nilichumbiwa na kijana wa Pujini. Hii ilikuwa miaka ya kabla ya vita vikuu vya pili, kanga zilikuwa bado zinapatikana. Nilikuwa nimemwona mara moja tu, amebeba gunia la karafuu kichwani, kwa hiyo nilichokiona hasa ni miguu. Ilikuwa miguu mizuri. Nikaridhika. Msicheke, na nyinyi mnachagua watu kwa picha ndogo kuliko hiyo miguu.

Mambo yote yalikuwa yamekubaliwa, inangojewa karafuu iishe kuchumwa watu wapate pesa na nafasi. Ndipo nilipokwenda kisimani asubuhi moja, na mwanamke mmoja, jirani yetu wa upande wa pili wa bonde, akanishika kidevu akanigeuza uso juani. Akaniuliza hilo baka shavuni la nini. Nikamwambia baka gani, maana kioo tulichokuwa nacho nyumbani kilikuwa kimeingia kutu mpaka kila mtu ana baka. Akaniangalia kwa huruma, na ile huruma ndiyo iliyonitisha. Alipomaliza kujaza mtungi wake akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayekuombea, "Mwambie bibi yako aangalie, isiwe barasi. Au isiwe ile nyengine."

Barasi ni ule weupe unaokula rangi ya ngozi, hauui mtu lakini haurudi nyuma. Na ile nyengine ni ukoma, ambao wakati ule watu hawakuutaja kwa jina hata wakiwa peke yao. Nyumba ikishutumiwa ukoma, hata moto haendi mtu kuomba kwao. Mchumba ndiyo usiseme kabisa.

Bibi alinitazama uani. Akakuta baka dogo chini ya jicho la kushoto, rangi yake nyepesi kuliko mimi, na jengine chini ya sikio. Aliniambia niingie ndani, na siku ile ile akatangaza kwamba mwari ameshawekwa ndani, ijapokuwa harusi ilikuwa bado mbali. Wawi nzima ikadhani bibi ana haraka ya kunioza. Kumbe nilifichwa.

Kuwekwa ndani mnakujua kwa kusikia tu, kwa hiyo nitaeleza. Mwari haoni jua. Anakaa chumba cha ndani, dirisha limefungwa, amejifunika kanga gubigubi, na kila siku anasingwa. Singo ni mchanganyiko uliopondwa, liwa, karafuu, maua makavu ya mlangilangi na asumini, waridi na manjano, unasuguliwa mwili mzima mpaka ngozi inang'ara na takataka zinatoka kama nyuzi. Halafu mafuta. Halafu mafukizo ya udi chini ya kanga mpaka jasho linatiririka. Msichana anatoka humo mweupe kidogo, mnene kidogo na laini kama andazi. Lakini mimi bibi alinizidishia. Kwa sababu ya lile baka, kila penye kupakwa mara moja alipaka mara mbili, na mafuta ya chupa ya kijani yakawa yanamiminwa shavuni mwangu mchana na jioni, yeye anasugua huku anasoma dua.

Na lile baka likanawiri. Wallahi lilinawiri kama mche uliotiliwa maji. La chini ya jicho likaungana na la sikioni, likateremka shingoni, likatoa watoto kifuani. Bibi akiona hivyo anaongeza mafuta. Nikiona hivyo naongeza kulia. Kulia nako uso unarowa, kanga inarowa, na tunaendelea.

Aliyekuwa akituingilia peke yake ni somo yangu. Somo ni yule mwanamke anayempa mwari mafunzo ya unyumba, na huyu wangu alikuwa mtu wa Makoongwe aliyeolewa kwetu, mcheshi, mwembamba, ulimi haukai. Yeye alikuwa na shauri kwa kila kitu. Shauri la kwanza lilikuwa ndimu. Akasema nisugue ndimu shavuni nikae kwenye mwanya wa mlango jua linipige, baka litababuka. Bibi akamkumbusha biharusi mmoja wa mtaa ule ule aliyejipaka ndimu shingoni akaenda kuanika karafuu, akaungua, akapata mkufu mweusi uliokaa kuliko ule wa dhahabu, maana wa dhahabu uliuzwa. Hilo ni kweli na nyinyi wenye kuchezea ndimu na jua mlishike, ndimu na jua havipatani juu ya ngozi ya mtu. Somo akaacha ndimu akaja na utomvu wa ganda la korosho. Bibi akamwuliza kama anamkumbuka yule fundi seremala aliyeutia utomvu huo kwenye chunjua ya pua.

"Si chunjua ilitoka?" somo akasema.

"Ilitoka," bibi akajibu, "na pua ikaifuata kuiaga."

Tulicheka, hata mimi, lakini baada ya kucheka nikaona wote wawili wananitazama shavu, na kicheko kikafa.

Habari haikai ndani hata ukifunga dirisha. Ikafika Pujini. Tukaletewa salamu kwamba shangazi yake mchumba, dada mkubwa wa baba yake, anakuja kumtazama mwari. Salamu zilikuwa za heshima, zimekuja na maneno ya kumletea mwari tambuu na kumpa hongera, lakini hakuna aliyedanganyika. Huyo shangazi ndiye aliyemlea kijana, na neno lake kule ndilo lililokuwa likifunga na kufungua. Akisema ndiyo, naolewa. Akisema hapana, basi si kwamba nakosa yule mmoja, nakosa wote, kwa sababu kila mtu ataulizia kwa nini watu wa Pujini walirudi nyuma, na ataambiwa.

Bibi na somo wakashauriana, wakapata hila ambayo waliiona kubwa. Siku ya kuja mgeni nitapakwa liwa uso mzima na shingo, nzito kama chokaa. Mwari kupakwa liwa ni jambo la kawaida, hakuna atakayeuliza. Mgeni ataona macho na meno, atakunywa kahawa, atakwenda zake.

Akaja baada ya adhuhuri. Mwanamke mfupi, mzito, mwenye macho madogo yanayocheka kabla ya mdomo. Akapiga hodi, tukamkaribisha, nikamwamkia shikamoo kwa kinywa kidogo maana liwa ilikuwa inaanza kukaza. Akaitikia marahaba mwanangu, akakaa juu ya mkeka karibu yangu sana, akafungua kijaluba chake cha tambuu. Akazungumza karafuu. Akazungumza mvua. Akamwuliza bibi habari za mtu aliyekufa zamani, wakamlilia kidogo. Kahawa ikanywewa, na bado amekaa. Somo akamwambia kwa adabu kwamba njia ya Pujini ni ndefu. Akasema yeye na njia hiyo wanajuana.

Halafu akanigeukia mimi, akaanza kunihadithia habari za mchumba wangu.

Akasema, "Huyo mume wako wewe, utotoni alipata upele, nikampaka kiberiti mwili mzima. Akaona haya kwa harufu, akaenda kujificha ndani ya gunia la makonyo ya karafuu, akalala. Wachukuzi wakaja, wakalishona mdomo, wakalitia mti mabegani, watu wawili, safari ya mjini Chake. Njiani mmoja anamwambia mwenziwe makonyo ya mwaka huu yananuka. Mwenziwe anasema, na mazito. Mara gunia likapiga chafya."

Nilijizuia. Mwari hacheki mbele ya wakwe. Nikafikiria mauti, nikafikiria kaburi. Lakini akaongeza, akitafuna polepole, kwamba wale wachukuzi mmoja alikimbilia Wawi na mwengine Pujini, na gunia likabaki katikati ya njia linauliza limefika wapi. Hapo nikacheka. Na liwa ikapasuka. Ilianza pembeni mwa mdomo, ikapanda shavuni kama udongo wa bonde wakati wa kiangazi, na kipande kizima, kikubwa kama kiganja cha mtoto, kikaniangukia mapajani.

Shangazi akakiokota kile kipande, akakinusa, akakiweka pembeni ya sahani ya kahawa.

"Nawa uso, mwanangu," akasema. "Liwa ikishapasuka si liwa tena, ni kiambaza cha udongo."

Nikanawa. Akanishika mkono, akanitoa uani kwenye jua, mimi ambaye sikuwa nimeliona jua siku nyingi, nikawa nafumba macho kama popo. Bibi nyuma yetu anasema mwari hatoki, mwari hatoki. Shangazi akaniambia, "Sogea nkuone." Akachomoa pini iliyobana kanga yake, akanigusa nayo katikati ya baka.

"Wasikia?"

"Nasikia."

"Na hapa?"

"Nasikia, shangazi, yachoma."

"Alhamdulillahi."

Kisha akakigeuza kidole, akalikwaruza lile baka kwa ukucha, taratibu, kama mtu anayekwangua ukoko wa wali. Akanionyesha ukucha. Kulikuwa na unga mweupe, laini, kama unga wa muhogo. Akamwonyesha na bibi.

"Barasi haitoi unga," akasema. "Na ukoma hausikii pini. Hii ni mba, mama yangu. Mba hii hii ya kila mtu. Mnampaka nini?"

Bibi, ambaye rangi ilianza kumrudi, akahesabu kwa fahari. Singo, liwa, udi, kanga mbili kumfunika asipate upepo, na mafuta ya nazi aliyoyapika kwa mkono wake mwenyewe, asubuhi na jioni, hayana maji hata tone.

Shangazi akatikisa kichwa. "Mnamlisha."

"Namlisha nani?"

"Mba. Mba akipata mafuta, na joto, na jasho, na giza, anataka nini tena? Huyu mba wenu kawekwa ndani vizuri kuliko mwari. Kanenepa yeye."

Nilimwona bibi uso wake. Watu wamekuja kwa jiwe lake na chupa yake umri mzima, leo mtu wa Pujini anamwambia amemnenepesha mba. Akasema kwa ubaridi kwamba kwao Wawi ngozi ya biharusi haiachwi kavu kama gogo. Shangazi akamjibu kwamba kwao Pujini gogo lililo safi hupokewa. Wakatazamana. Mimi nikawa nangoja neno moja tu, na sikuthubutu kuliuliza, je, bado ananitaka? Mwishowe somo, Mungu amrehemu, ndiye aliyeuliza, kwa ile njia yake, kama hiyo karamu wapunguze mchele au wauache vile vile.

Shangazi akasema mchele uachwe. Ila mafuta yakome. Niponde kiberiti upele laini kama poda, nikichanganye na povu la sabuni, nijipake penye mabaka, kikauke kidogo kisha nioshe, nijifute nikauke kabisa kabla ya kuvaa. Kanga zichemshwe, zianikwe. Dirisha lifunguliwe. Na kila asubuhi nitoke uani kuanika karafuu, nipate hewa. Akaniambia mimi, si bibi, "Unga utaacha kutoka upesi. Rangi haitarudi upesi. Itakuja yenyewe pole pole, usiihangaikie wala usiikwaruze. Hata siku ya harusi itakuwa bado. Sisi tunajua ni nini, basi."

Bibi akasema kiberiti ni cha watoto wenye upele, jina lake lenyewe linasema, si cha biharusi. Akasema atakufa kabla ya kuona mwari wake ananuka kama fataki na kuanika karafuu juani kama kibarua. Hakufa. Siku ya pili alikwenda dukani mwenyewe kununua, kajifunika buibui mpaka machoni, na akarudi njia ya nyuma.

Basi mwari gani aliyenuka vile. Somo alikuwa akinifundisha mambo ya unyumba toka mlangoni, kanga imemziba pua, na mafunzo mengine muhimu sikuyasikia vizuri, nikajifundisha mwenyewe baadaye. Asubuhi natoka uani, ndani ya ua wa makuti nisionekane, natandaza karafuu juu ya jamvi, upepo unanipita shingoni. Unga ukakoma. Mabaka yakabaki na rangi yake nyepesi, lakini ukikwaruza hupati kitu. Bibi alikuwa akikwaruza kila siku kuhakikisha, ijapokuwa tulikatazwa. Na siku moja nilimkamata ananipaka mafuta visigino mimi nimelala. Nikamuuliza, akasema visigino havina mba, na yeye ana haki yake.

Ikaja siku ya kupokewa sanduku kutoka kwa mume. Wanawake wamejaa ukumbini, kila kitu kinatolewa kinainuliwa juu kionekane, vigelegele. Kanga, vigelegele. Marashi, vigelegele. Udi, liwa, kitana, vigelegele. Mkono wa somo ukazama chini kabisa, ukatoka na kifurushi kimefungwa kitambaa kwa uzuri kabisa, kwa utepe. Akakifungua mbele ya watu. Kiberiti upele. Donge kubwa kama nazi ndogo.

Vigelegele vilianza vikakatika. Somo, akili yake ilikuwa haraka, akapaza sauti akasema ni uvumba wa Kihindi, akakirudisha. Lakini bibi alikuwa ameshaona, na mimi, nyuma ya mlango wa chumba, nimeshanusa. Bibi aliingia chumbani akakaa kitandani kwangu. Akasema tumetukanwa, tumetukanwa mbele ya watu, wametuletea dawa ya upele katika mahari. Mimi sikuwa na hasira, nilikuwa na hofu. Nilifikiri, kumbe shangazi alinikubali kwa mdomo tu. Kumbe mume wangu ameambiwa, na hili ndilo neno lake la kwanza kwangu: jioshe. Nikaolewa na fikira hiyo kifuani, kubwa kuliko mba.

Fungate ilifanywa kwetu, kama ilivyo desturi, bwana harusi anakaa kwa wakwe anapikiwa na kuengwa. Alikuwa mpole, sauti yake ndogo. Lakini alikuwa na jambo moja. Fulana haivui. Joto lile, chumba kile, fulana iko mwilini. Kwenda kuoga anakwenda nayo, akirudi anayo imerowa. Nikasema moyoni, huyu anaogopa nisimguse nimwambukize. Siku nyingine nilikaa mbali naye mkeka mzima, na yeye akakaa mbali nami mkeka mzima, na bibi akipita anatutazama kama watu waliogombana bei sokoni.

Asubuhi moja nilimpelekea maji ya kuoga uani, nyuma ya kiambaza cha makuti. Nilifikiri bado yuko msikitini. Hakuwa msikitini. Alikuwa amesimama, mgongo kwangu, fulana aliyoifua iko juu ya ua imeanikwa.

Mgongo ule. Kutoka mabegani mpaka kiunoni, madoa na madoa, mengine yameungana, mengine peke yake, kama jamvi la unga uliopeperuka. Mba. Mba mkongwe, mwenye ukoo na mashamba yake. Wangu alikuwa mjukuu wa huyo.

Akageuka, akaniona, akakamata fulana. Hakuweza kuivaa, ilikuwa imerowa, ikamganda kichwani. Akabaki mle ndani ya fulana, mikono juu, akaniuliza kwa ile sauti ndogo, "Utanirudisha?"

Mimi nikaweka ndoo chini. Nikamwambia atoe kwanza kichwa, hatuwezi kuachana na fulana. Akatoa kichwa. Akaniambia alikuwa akiogopa nikiuona nitadhani ni maradhi mabaya, nitaondoka, na watu watauliza kwa nini. Akasema shangazi alimwamuru ajipake dawa kabla ya harusi, akaona haya kuipaka asije akanuka mbele ya biharusi.

"Na lile donge la sandukuni?" nikamwuliza. "Mlinitukana?"

"Lile? Shangazi kasema baka la kwako lilikuwa dogo. Lile ni la mgongo wangu. Kasema mimi mgongo siufikii, na yeye kachoka kuupaka."

Nilikaa chini pale pale juu ya tope la bafu na kanga yangu mpya, nikacheka mpaka kuku wakatawanyika. Kisha nikaenda kulitoa lile donge, nikaliponda katika kinu kidogo mbele yake, nikatia sabuni, nikamwambia ageuke asimame vizuri, bwana harusi, wala asijikunje. Nikaanza begani. Alikuwa analalamika kwamba inawasha. Nikamwambia kwetu Wawi gogo likioshwa halisemi.

Ndipo bibi alipotokea kwenye kona ya nyumba. Alimwona mkwewe, mgongo wazi, na mimi nyuma yake, na akafurahi sana kwa kuwa alidhani tumepatana, na kweli tulikuwa tumepatana. Kisha akaona ule mgongo. Uso ukamlainika kama vile anapoona mtoto wa jirani mwenye harara.

"Maskini, mume wangu," akasema, "walivyokuacha mkavu." Na kutoka ndani ya kanga yake akatoa chupa ya kijani, akang'oa kizibo cha gunzi kwa meno, akaja mbio.

Mimi nilikuwa na mikono miwili yenye kiberiti. Nikamshika mume wangu nikamzungusha nyuma yangu, tukawa tunazunguka mtungi wa maji wa pale bafuni, bibi anatufuata na chupa, mume wangu anasema ahsante bibi, nimeshapakwa bibi, na hakuna kati yetu watatu aliyeweza kusimama kwa kucheka.